Kichwa Kikiuma Kule Juu

Soma nyumbani: 1 Wafalme 19:1-8

Wiki hii tuongee juu ya mwili na mlima, kwa sababu vijana wetu wameanza kupata mialiko ya kuhudumu mbali, na mimi mwenyewe nilikaribia kurudi nyumbani na jeneza la mwenzangu.

Tulitoka Mombasa watu wanne kwenda La Paz, nchini Bolivia. Mji wenyewe uko kama mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, lakini ndege hutua El Alto, juu ukingoni, mita 4,060 hivi, na wenyeji wetu walikuwa hapo hapo. Nairobi ni kama mita 1,700. Kilele cha Lenana ambacho watu hukipanda Mlima Kenya kwa siku tatu nne ni mita 4,985. Sisi tulishuka tu kwa ndege tukajikuta karibu na pale wapandaji hulala usiku wa mwisho kabla ya kilele. Nilibeba begi hatua ishirini, nikatafuta mahali pa kuketi.

Oksijeni katika hewa ya kule ni asilimia 21, sawa na huku. Kilichopungua ni presha ya hewa, kwa hivyo kila pumzi inakuletea kama asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo ungepata Mombasa. Mwili unajua la kufanya: unahema haraka, moyo unaenda mbio, damu inaanza kujipanga upya. Lakini unataka siku kadhaa. Hata maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, ndiyo maana mama aliyetupokea alipika maharagwe kwa sufuria ya presha. Bila hiyo tungeyala kesho yake.

Jioni kichwa kikaanza. Nilihisi kama kimefungwa kamba, chakula sikukitaka, usingizi ukakataa. Hiyo ni kawaida. Huanza saa chache baada ya kufika, na kwa wengi huisha kwa siku mbili tatu. Mama akatuambia tupumzike, tunywe maji na supu, tusihangaike na ngazi. Ndugu yetu mmoja akakataa. Ni mtu wa mazoezi, hukimbia ufuoni kila asubuhi (nimejifunza baadaye kwamba misuli haimkingi mtu na ugonjwa huu), akasema maumivu yale ni mapambano, ati nguvu za mji zinatupinga. Akatangaza kufunga kavu siku tatu. Sisi tukasema amina. Hapo ndipo tulipokosea.

Usiku wa pili alikuwa anayumba kama mlevi. Nikamuuliza, "Mtumishi, leo ni siku gani?" Akaniangalia tu. Wapendwa, mtu akifika hapo huenda ubongo umeanza kuvimba. Na akihema sana hali amelala tu, au akikohoa povu, maji yanaingia mapafuni. Usingoje asubuhi. Tiba ni oksijeni na kushuka. Wenyeji walimkimbiza hospitali chini mjini, na alipoweza kusafiri akapelekwa Santa Cruz, mji wa tambarare wenye mita 400 tu. Siku ya pili huko alikuwa anaulizia ugali.

Je, tulikosea kuomba? La. Lakini mwangalie Eliya pale chini ya mretemu. Malaika hakumpa mahubiri, alimpa mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndipo akashika njia ya Horebu. Nimehubiri sura hiyo miaka mingi bila kuuona ule mkate.

Kama ratiba iko mikononi mwako, usiruke moja kwa moja. Kwa Bolivia ungeanza Santa Cruz, ukae siku mbili Cochabamba kwenye mita 2,500 hivi, halafu La Paz. Mkutano uwe siku ya tatu au ya nne, si jioni ya kufika. Kuna tembe ambazo daktari anaweza kukuandikia uanze kumeza siku moja kabla ya kupanda. Mwambie kama dawa za salfa hukudhuru. Mwenye selimundu, mjamzito na mgonjwa wa moyo wamuone daktari kabla hata ya kukata tikiti. Selimundu hasa, maana oksijeni ikipungua maumivu makali yanaweza kuanza. Na mfungo wa safari, fungeni hapa nyumbani kabla ya kuondoka.

Jambo la mwisho. Mtakaribishwa chai ya majani ya koka. Kule ni halali, kina mama huyauza sokoni mchana kweupe. Huku kwetu ni dawa ya kulevya kisheria. Kabla ya kupanda ndege ya kurudi pekua begi lako lote, hata zawadi uliyofungiwa na mwenyeji, uyaache huko huko.