Kuanza Mazoezi, na Kupata Wenzetu wa Kutushika Mkono



Wengi wetu tuliopita miaka hamsini tumekwisha kuambiwa na daktari, "Mzee, fanya mazoezi," au "Mama, jitahidi kutembea kidogo." Tukaitikia vema, tukarudi nyumbani, tukaketi. Si kwa ukaidi. Hatukuambiwa tuanzeje, wala tuanze na nani. Somo letu lahusu mambo hayo mawili, na hasa hilo la pili.

Kwanza yafaa tujue kwamba jambo hili si la vijana wenye kutafuta vikombe. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza aitwaye Jeremy Morris, pamoja na wenzake, alitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kitini kutwa nzima, bali kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Gari lilikuwa moja, lakini ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi kuliko makondakta. Angalieni, makondakta hao hawakuwa wanariadha. Walipanda ngazi tu. Basi mwalimu aliyesimama mbele ya ubao miaka thelathini, kisha akastaafu na kuketi barazani, amejihamisha mwenyewe kutoka kazi ya kondakta kwenda kazi ya dereva.

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu mara 2. Hesabu hiyo yaogofya ikitajwa kwa mkupuo. Ukiigawa ni dakika 30 kwa siku 5. Na anayeanza leo asiguse hata hizo 30. Aanze na 10, akae nazo juma moja au mawili, ndipo aongeze.

Sisi tulianza vibaya. Tulipopimwa presha ikaonekana imepanda, tuliona haya, tukataka kuishusha kwa siku moja. Alfajiri ya kesho yake tulitoka mbio kama tulivyokuwa tukitoka chuo cha ualimu, tukasahau kwamba miaka arobaini imepita. Tulifika barabara kuu tukihema. Siku ya pili tulishuka kitandani kwa kushika ukuta, na ya tatu ikawa vivyo hivyo. Tukasema mazoezi haya yatatuua, tukaacha miezi miwili. Laiti mtu angetuambia kwamba misuli isiyozoea huuma zaidi siku ya pili na ya tatu kuliko siku ile ile ya zoezi, na kwamba maumivu hayo hupita! Hapo ndipo wanaoanza peke yao hupotelea, kwa kukosa wa kumwuliza.

Wale tuliosoma zamani twakumbuka mchakamchaka. Tulidhani ni adhabu ya asubuhi, kumbe ulikuwa na hekima. Kiongozi huimba, wengine huitikia, na anayeitikia hupata nafasi ya kuvuta pumzi. Kundi haliwezi kwenda kasi kupita pumzi za waimbaji, maana wimbo ungekatika. Hata leo matabibu hutumia kipimo cha namna hiyo: mwendo wa wastani ni ule ambao mtu aweza kuzungumza na mwenzake, lakini hawezi kuimba wimbo mzima. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Vilabu vya jogging vilivyojaa Dar es Salaam mwishoni mwa juma vimeuchukua mchakamchaka huo huo, nyimbo na yote. Ni vizuri, ila wengi wao ni vijana. Tulijiunga na kundi moja la namna hiyo, tukaachwa nyuma kwenye kona ya kwanza. Hawakuwa watu wabaya. Mwendo ulikuwa wao, haukuwa wetu.

Basi tulikusanyika watu wanne wa mtaa wetu, sasa tuko kumi na mmoja. Kanuni yetu ni moja: kundi laenda kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Anayetaka mbio azunguke uwanja akaturudie.

Tuna pia kikundi cha WhatsApp. Asubuhi kila mmoja huandika ametoka au hakutoka, na aliyesafiri kwenda kwa wanawe Mwanza au Arusha hutembea huko na kuandika vile vile. Hapa pana hatari zake. Mara ataingia muuza dawa za kupunguza unene, huyo tunamtoa. Tena mtu asimshauri mwenzake aache vidonge vya presha kwa kuwa yeye aliacha akapona. Hilo lilitokea kwetu. Mwenzetu mmoja aliacha vidonge kwa siri, akashikwa na kizunguzungu njiani, tukamketisha chini ya mwembe na kumpeleka zahanati. Tangu hapo kila anayejiunga hutuambia ana nini: presha, kisukari, goti. Mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari hubeba kitu kitamu mfukoni. Kifua kikibana, au pumzi ikikatika pasipo sababu, twasimama wote na kutafuta mganga siku hiyo hiyo.

Lakini faida kubwa hatukuitarajia. Mzee mmoja wa kundi alifiwa na mkewe. Baada ya matanga wageni walitawanyika, naye hakuonekana siku tatu, wala hakuandika neno. Siku ya nne hatukuanza safari. Tulikwenda kugonga mlango wake. Alifungua akiwa hajala tangu jana. Hatukuhubiri. Mama mmoja alikoroga uji, nasi wengine tukangoja nje mpaka akavaa viatu. Alitembea nasi hadi kisimani na kurudi, hakusema kitu. Kesho yake alikuwa amesimama barazani akitungoja. Mtu atembeaye peke yake, akikosa siku tatu, nani atajua?

Kwa wanaotaka kuanza: pimeni presha na sukari kwanza, tafuteni viatu visivyobana, hata kama ni vya mtumba, na mnywe maji. Twakutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 12 asubuhi, mbele ya ofisi ya parishi. Mwenye kutumia fimbo aje nayo.