Matundu Juu ya Dirisha

Katika shule moja ya misioni, madirisha ya darasa la tano yatazama magharibi. Alasiri jua laingia kwa nguvu, na wanafunzi hawaoni maandiko ubaoni. Padri akanunua mapazia mapya ya vibao vyembamba, akamwita fundi.

Fundi alikuja pamoja na kijana anayejifunza kazi. Juu ya kila dirisha pana boriti ya beto. Mapazia ya zamani yalikuwa yamefungwa pale kwa misumari. Sasa matundu yamebaki, mengine yaingia kidole kizima.

Kijana akasema: «Baba, tuzibe kwa udongo, tupake chokaa juu. Nani atayaona?»

Fundi akamjibu: «Pazia hili ni zito, mwanangu, na watoto watalivuta kila siku. Tazama chini ya dirisha.» Kijana akatazama. Palikuwa na benchi la watoto wanne.

Wakaanza. Kwanza waling'oa misumari iliyovunjika ndani, kwa maana chuma kikipata kutu huvimba, hata beto hupasuka. Kisha wakachokoa kwa patasi vipande vilivyolegea, wakatoa vumbi lote kwa brashi. Kazi hii ya vumbi watu wengi huidharau. Lakini simenti iliyowekwa juu ya vumbi hushika vumbi, haishiki ukuta. Siku moja hutoka yote kama kizibo cha chupa.

Halafu wakalowesha matundu, bila kuacha maji yatuame. Beto kavu hunywa maji. Ingeyanyonya maji ya simenti, nayo ingekosa nguvu. Wakachanganya simenti kipimo 1 na mchanga safi vipimo 3, na maji kidogo. Simenti tupu hufanya nyufa. Walitumia mwiko, si mikono, kwa sababu simenti mbichi huchoma ngozi. Wakashindilia kidogo kidogo kwa kijiti, mpaka ndani kabisa.

«Kesho tutatoboa?» kijana akauliza.

«Bado. Udongo hukauka, lakini simenti hugeuka jiwe kwa msaada wa maji. Ikikauka upesi, hubaki dhaifu.»

Basi kwa siku 7 kijana alifunika viraka kwa kitambaa chenye maji. Nguvu ya simenti huzidi kukua hata baadaye. Wajenzi huipima siku ya 28.

Siku ya nane fundi alishika keekee, lakini hakutoboa katika viraka. Alitoboa kando, katika beto nzima, mbali kwa upana wa vidole vinne. Kijana akashangaa: «Basi tuliziba kwa nini?»

«Tundu tupu likiwa karibu, beto iliyo katikati huvunjika, na parafujo huponyoka. Kiraka huimarisha jirani yake. Lakini mzigo twaupa beto ya kwanza.»

Mapazia yakafungwa. Fundi akawaondoa watoto benchini, kisha akavuta kila kamba kwa nguvu, mara tatu.

Maulizo
1. Kwa nini fundi alikataa udongo?
2. Maji yana kazi gani kabla ya kuziba, na baada ya kuziba?
3. Tafuteni tundu la zamani katika ukuta wa darasa lenu. Ndani yake mna nini?