Stika ya Kabati: Kazi Iko Chini Yake

Kabati la jikoni likichakaa, si lazima ununue jingine. Kama mbao haijaoza na milango bado imekaa vizuri kwenye bawaba, roli moja ya stika ya plastiki, ile yenye sura ya mbao au marumaru, italirudishia heshima yake. Lakini stika ni nyembamba. Chembe moja ya mchanga iliyobaki chini hujitokeza kama kipele usoni, na penye mafuta gundi haishiki. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla roli haijafunguliwa.

Kuandaa

Fungua vishikio kwa bisibisi, ng'oa mlango na uulaze mezani. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, hasa panapozunguka kishikio na upande ulio karibu na jiko, maana huko ndiko mafuta ya kukaangia hung'ang'ania. Ukikauka kabisa, ufute kwa kitambaa chenye spiriti. Ziba mashimo kwa puti, piga msasa laini, namba 220 hivi, kisha ondoa vumbi lote. Sasa fumba macho upitishe kiganja. Chochote kitakachokwaruza kiganja kitaonekana kwenye stika.

Mbao tupu na chipbodi hunyonya, kwa hiyo zipake vanishi kwanza na usubiri ikauke. Chipbodi iliyovimba kwa maji usiifunike. Unyevu utabaki ndani na ubao utazidi kuharibika.

Kupima na kukata

Stika nyingi zina karatasi ya nyuma yenye mistari ya sentimita. Ifuate, utakata moja kwa moja bila kupinda. Ongeza sentimita 3 hadi 5 kila upande. Kama stika ina michirizi ya mbao, hakikisha milango yote michirizi yake inaelekea upande mmoja.

Kubandika

Usibandue karatasi yote kwa mpigo. Anza na sentimita 10 za juu, zilinganishe na ukingo wa mlango, uzikandamize. Kisha mkono mmoja uvute karatasi polepole kutoka chini ya stika, na mwingine usukume stika kwa kadi ya plastiki iliyozungushiwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni. Ikikaa upande, inua taratibu urudie. Ukiivuta kwa nguvu itatanuka na haitarudi ilivyokuwa. Kiputo kilichobaki kitoboe kwa sindano, kisha sukuma hewa itoke.

Kwenye kona tumia drai ya nywele. Plastiki ikipata joto hulainika. Ikunje izunguke kona, ishikilie mpaka ipoe. Kipande kinachobaki kikunjie nyuma ya mlango, kisha kata ziada kwa wembe mpya. Wembe butu huchana stika.

Tahadhari

Stika hizi nyingi ni za PVC, plastiki inayosinyaa kwa joto na kutoa moshi wenye madhara ikiungua. Usiibandike karibu na moto wa gesi au mkaa, wala usiweke juu yake sufuria iliyotoka jikoni.

Ipe gundi siku mbili ishike kabla ya kuosha. Baada ya hapo tumia kitambaa chenye sabuni, steelwaya itaikwangua. Siku ukitaka kuiondoa, ipashe joto kwa drai, uivute polepole, kisha lainisha gundi iliyobaki kwa mafuta ya kupikia na uoshe kwa sabuni.

Kama hujawahi kufanya kazi hii, anza na droo moja. Baada ya wiki pitisha kidole kwenye kingo zake. Zikiwa hazijainuka, ujue ulisafisha vizuri, na sasa unaweza kugusa kabati zima.