Maumivu ya Goti Yatokayo Nyongani

Mto Ewaso Nyiro huweza kufurika Merti hata katika siku ambazo hapana wingu hata moja juu ya Merti. Wenyeji hawashangai, maana wanajua kuwa maji hayo yametoka mbali: mvua imenyesha Mlima Kenya na katika milima ya Nyandarua, na mto umeyaleta maji yake nyikani. Mtu atafutaye chanzo cha mafuriko kwa kuitazama mbingu ya Merti peke yake hatakipata.

Mwili wa binadamu nao una mambo ya namna hiyo. Maumivu huweza kusikika mahali pamoja, na ugonjwa wenyewe ukawa mahali pengine. Mfano ulio mashuhuri ni wa goti. Mtu hulalamika kuwa goti lauma. Hulipaka dawa, hulifunga kitambaa, hudungwa sindano, na pengine hulichoma kwa chuma cha moto kama ilivyokuwa desturi ya wafugaji wengi tangu zamani. Lakini maumivu hayaondoki, kwa kuwa goti halina kosa. Kiungo kilicho kigonjwa ni nyonga.

Somo hili laeleza kwa nini jambo hili hutokea, jinsi ya kulitambua, na kwa nini kuchelewa ni hatari kubwa, hasa kwa watoto.

NYONGA NA GOTI

Mfupa wa paja ni mrefu kupita mifupa yote ya mwili. Ncha yake ya chini imo katika goti. Ncha yake ya juu ni ya mviringo kama mpira mdogo, nayo imeingia katika shimo lililo mfano wa kikombe, lililomo katika mfupa wa nyonga. Goti hukunjwa na kunyoshwa kama mlango katika bawaba zake. Nyonga huzunguka pande zote, kama mchi katika kinu. Tena nyonga ni kiungo cha kubeba mizigo: mtu atembeapo, kila hatua huitwika nyonga mzigo upatao mara mbili na nusu hata mara tatu ya uzito wa mwili wake.

Habari za maumivu hupelekwa ubongoni na mishipa ya fahamu. Mishipa miwili kati ya hiyo hutoka katika uti wa mgongo sehemu ya kiuno, mmoja ukapita mbele ya paja na wa pili upande wake wa ndani. Kila mmoja hutoa tawi kwa nyonga na tawi jingine kwa goti. Basi nyonga inapoumwa, ubongo hupokea habari kwa njia ile ile itumiwayo na goti, nao hudhani kuwa habari imetoka gotini. Mgonjwa hasemi uwongo asemapo kuwa goti lake lauma. Analisikia kweli, bali chanzo ni kingine.

Jambo hili si geni kwa madaktari. Mpasuaji John Hilton wa Hospitali ya Guy's mjini London alilieleza katika masomo yake juu ya maumivu na mapumziko, yaliyopigwa chapa mwaka 1863. Alifundisha kuwa mshipa wa fahamu uendao kwenye kiungo huihudumia pia misuli inayokiendesha kiungo hicho na ngozi iliyo karibu. Tangu wakati huo wanafunzi wa udaktari hufundishwa kuwa mtoto aliyeletwa kwa ajili ya goti hana budi kupimwa nyonga pia. Hata hivyo, mpaka leo kanuni hii husahauliwa mara nyingi, kwa sababu mgonjwa huelekeza kidole gotini, na macho ya kila mtu hufuata kidole chake.

JINSI YA KUTAMBUA

Kwanza, litazameni goti lenyewe. Goti lililo gonjwa kwa kawaida huonyesha dalili zake: huvimba, huwa na joto, huuma likibonyezwa, au hukataa kukunjwa. Goti likiwa sawasawa na mwenzake, halina uvimbe wala joto, na kubonyezwa hakuongezi maumivu, basi shaka na ihamie nyongani.

Pili, angalieni kazi zinazomshinda mgonjwa. Mwenye ugonjwa wa nyonga hupata taabu kukaa mkekani miguu ikiwa imekunjwa, kuchuchumaa, kuvaa viatu, au kutanua mapaja ili apande juu ya mnyama. Tena mara nyingi husikia maumivu kinenani au mbele ya paja, ingawa hayataji mpaka aulizwe.

Tatu, uko mtihani mmoja mwepesi. Mgonjwa alale chali. Paja lake liinuliwe polepole mpaka lisimame wima, goti likiwa limekunjwa. Kisha mpimaji alishike goti pasipo kulisogeza, na kwa mkono wa pili aupeleke unyayo upande wa nje taratibu. Kwa tendo hili goti halisumbuki sana, bali nyonga huzungushwa ndani ya kikombe chake. Afanye vivyo hivyo kwa mguu wa pili, alinganishe. Nyonga iliyo gonjwa hugoma mapema, na mara nyingi mgonjwa hulia, "Hapo hapo, gotini!" Kilio hicho ndicho ushahidi: nyonga imezungushwa, goti likalalamika.

Nne, mgonjwa asimame kwa mguu mmoja, ule unaouma. Kama misuli ya nyonga imedhoofika, upande wa pili wa kiuno hushuka badala ya kubaki sawa. Alama hii ilielezwa na mpasuaji wa Kijerumani, Friedrich Trendelenburg, mwaka 1895, nayo haihitaji chombo chochote isipokuwa macho.

Onyo: majaribio haya yasifanywe kwa mtu aliyeanguka, wala kwa mtoto mwenye homa asiyekubali mguu wake uguswe, wala kwa kijana ambaye ghafula ameshindwa kuukanyagia mguu wake. Hao wapelekwe hospitali bila kujaribiwa wala kukandwa.

MAGONJWA YA WATOTO NA VIJANA

Lililo baya kupita yote ni usaha ndani ya nyonga. Mtoto hupata homa kali, hukataa kutembea, na akilala huliweka paja lake limekunjwa na kugeuzwa upande wa nje. Usaha hula gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, na tena huweza kuukatia damu mfupa wenyewe. Huweza kuharibu kiungo kwa muda wa siku chache tu. Mtoto huyu ahitaji kufika hospitali siku ile ile, ili usaha utolewe na dawa za kuua vijidudu zianze. Kumfunga goti na kungoja kesho ni kumfanya kilema.

La pili ni kifua kikuu cha nyonga. Jina lisimdanganye mtu: ugonjwa huu haukai kifuani peke yake. Ukiingia katika mifupa, hupenda uti wa mgongo kwanza, kisha nyonga. Huja polepole. Mtoto huchechemea jioni, kesho yake yu afadhali, hukonda, tena huamka usiku akilia kwa maumivu. Hospitali za Serikali katika Kenya hutoa dawa za kifua kikuu bila malipo. Dawa hizo hutumika kwa miezi mingi, karibu mwaka mmoja kwa ugonjwa wa mifupa, na hazina faida zikiachwa njiani kwa sababu mgonjwa ameona nafuu.

La tatu ni kupungukiwa na damu katika kichwa cha mfupa wa paja. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1910 na madaktari watatu wa nchi mbalimbali, nao waitwa kwa jina la mmoja wao, Perthes. Huwapata hasa wavulana wa miaka 4 mpaka 8, ingawa si wengi katika Afrika.

La nne ni kuteleza kwa kichwa cha mfupa wa paja, nalo hutokea wakati kijana anaporefuka upesi, yaani yapata miaka 10 mpaka 16. Chukua mfano wa kijana wa miaka 13 achungaye mbuzi kati ya Merti na Korbesa. Kwa majuma sita amelalamika goti, na unyayo wake umeanza kugeuka nje atembeapo. Watu wa nyumbani wasema kuwa ni uchovu, au ya kuwa alijikwaa. Kumbe sehemu ya mfupa ikuayo imelegea, na kila siku ya kufuata kundi kichwa cha mfupa chateleza kidogo zaidi. Akipata matibabu sasa, mpasuaji hukifunga kwa msumari wa parafujo kisiteleze tena, na kijana atatembea vema. Akikawia, huenda kichwa kikateleza chote kwa mara moja, damu yake ikakatika, na mguu ukabaki mfupi na mgumu maisha yake yote. Kwa hiyo kijana wa namna hii akishashukiwa asikanyage mguu wake. Abebwe.

MAGONJWA YA WATU WAZIMA

Katika nchi ya mifugo lazima kuufikiri ugonjwa wa brusela. Kijidudu chake kiligunduliwa na daktari David Bruce katika kisiwa cha Malta mwaka 1887, na mwaka 1905 Themistocles Zammit alionyesha kuwa mbuzi wa kisiwa hicho ndio waliokibeba. Mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au ngamia, au kwa kushika kwa mikono mitupu mimba ya mnyama iliyoharibika. Homa huja na kuondoka, jasho hutoka usiku, mwili huchoka, na ugonjwa hupenda kukaa katika nyonga, kiuno na magoti. Huponywa kwa dawa mbili au zaidi zitumiwazo pamoja, kwa kawaida kwa muda wa majuma sita. Atumiaye dawa moja kwa siku tano, kisha akaacha, mara nyingi hurudiwa na ugonjwa.

Wazee huchakaa gegedu la nyonga. Dalili yake ni ugumu asubuhi na maumivu katika mwendo. Mazoezi, kupunguza mizigo, na fimbo huwasaidia wengi. Fimbo haimpungukii mfugaji, lakini wengi huishika vibaya. Ishikwe kwa mkono ulio upande wa pili wa nyonga iumayo: nyonga ya kulia ikiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, na fimbo na mguu mgonjwa vitangulie pamoja. Hivyo mzigo wa nyonga hupungua sana. Kwa wale ambao kiungo kimekwisha kabisa, nyonga ya bandia huwekwa. Kazi hii iliwekewa msingi imara na mpasuaji John Charnley wa Uingereza mwaka 1962, na siku hizi hufanywa katika Kenya pia.

Mwisho, mzee aliyeanguka, kisha akalalamika goti na kushindwa kuinuka, achukuliwe kuwa amevunjika shingo ya mfupa wa paja mpaka picha ithibitishe kuwa sivyo. Asikandwe wala asisimamishwe.

MAMBO YA KUTENDA

Safari ya kutoka Merti mpaka mji wa Isiolo ni ndefu, na mvua ikinyesha njia huwa ngumu. Hii ni sababu ya kuondoka mapema, wala si sababu ya kungoja. Mgonjwa aanze katika hospitali iliyo karibu. Aeleze maumivu yalianza lini, kama kuna homa, na kama hunywa maziwa mabichi. Kisha, yeye au mzazi wake aseme kwa adabu, "Daktari, tafadhali tazama na nyonga." Maneno hayo machache yaweza kuokoa mguu. Kama picha ya eksirei inatakiwa, iwe ya nyonga zote mbili, ili zilinganishwe, maana picha ya goti peke yake itaonyesha goti zima na kuwapoteza wote. Watoto wenye ulemavu wa mifupa huweza pia kutumwa kwenye hospitali ya CURE iliyoko Kijabe, iliyofunguliwa mwaka 1998 kwa kazi hiyo hasa.

Dawa za kutuliza maumivu zinunuliwazo dukani huficha ugonjwa bila kuuponya, na zikitumiwa siku nyingi huweza kudhuru tumbo na figo. Kuchoma goti kwa chuma kwaongeza kidonda juu ya ugonjwa, na nyonga hubaki vile vile.

Na kinga iliyo rahisi ni moto wa jikoni. Maziwa ni chakula na heshima ya nyumba ya mfugaji, nayo hayapotezi heshima yake kwa kuchemshwa. Yakichemka sawasawa, kijidudu cha brusela hufa, na kile cha kifua kikuu cha ng'ombe hufa pia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ugonjwa wa nyonga husikika gotini?
2. Taja dalili tatu za goti lililo gonjwa kweli.
3. Mtoto ana homa, amekataa kutembea, na hataki paja lake liguswe. Apelekwe hospitali lini?
4. Kijana aliyeshukiwa kuwa kichwa cha mfupa wake kimeteleza, kwa nini haifai atembee?
5. Mtu anaumwa nyonga ya kushoto. Ashike fimbo kwa mkono upi?
6. Ni maneno gani ampasayo mzazi kumwambia daktari mtoto anapolalamika goti?