Ukuta wa Makaburi ya Kanisa la Wareno, Malindi

Wageni wengi wanaofika Malindi huenda moja kwa moja kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, wakapiga picha na kuondoka. Kanisa dogo la Wareno, lenye paa la makuti na makaburi yaliyozungushiwa ukuta, hupitwa hivi hivi.

Da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498. Mwaka 1542, Francis Xavier alipitia Malindi akielekea Goa, na aliandika kwamba walimzika hapa mtu aliyefia melini. Mwaka 1593 Wareno walihamishia makao yao Mombasa, walikoanza kujenga Fort Jesus. Hata hivyo, msomaji asidhani kila kitu uani ni cha Wareno. Makaburi mengi yanayoonekana leo ni ya Wazungu wa enzi za ukoloni wa Uingereza, na uwanja kama huu hukarabatiwa kizazi baada ya kizazi.

Kuta za kale za Pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Yale magumu yalichimbwa nchi kavu. Yale laini yalikatwa baharini yakiwa mabichi na kutumiwa kwa nakshi. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayo hayo: vipande vilipangwa juu ya rundo la magogo, vikachomwa, kisha vikazimwa kwa maji na kuachwa vikomae kabla ya kuchanganywa na mchanga. Kazi ya subira, si ya kumaliza Ijumaa kabla ya malipo!

Hapa ndipo tunapokosea. Mtu mwenye nia njema huona ufa, huleta mfuko wa saruji na kuuziba. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi ya bahari, na chokaa huuacha unyevu huo utoke. Saruji huuzuia. Maji yakikosa njia hutokea kwenye jiwe lenyewe, chumvi inaganda ndani yake na kulipasua taratibu hadi liwe unga. Baada ya miaka kadhaa, saruji imesimama kama ganda na jiwe la nyuma yake limekwisha. Adui mwingine ni mche wa mtini unaoota juu ya ukuta. Ukiwa mdogo hukatwa kwa urahisi. Ukiung'oa ukiwa umekomaa, unaondoka na mawe.

Kwa mwenye nyumba ya kale, au kamati ya msikiti au kanisa yenye ua wa matumbawe: tafuteni fundi anayeijua chokaa kabla ya kununua saruji. Kwa majengo yaliyotangazwa kuwa turathi, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda hata ukuta wa nje, na kuuharibu ni kosa. Ukiona jiwe limeanguka, liache papo hapo na uwaarifu maafisa wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Fundi atalihitaji lile lile.