Shemeji anataka ninunue bunduki ziwe akiba



*Mimi ni mkulima wa Ngara, upande wa Rulenge, nina mke na watoto watatu. Mwaka jana nililipwa fidia ya shamba lililoingia kwenye eneo la mradi. Nimejenga, nimelipa ada za watoto, na benki nimebakiwa na shilingi milioni 14.*

*Kaka wa mke wangu anakaa Biharamulo, ana shughuli zake za machimbo. Anasema pesa ikikaa benki inaliwa na makato, bora ninunue bunduki. Amenionyesha kwenye simu video za Wamarekani walionunua bunduki zamani, wakaja kuziuza kwa faida kubwa. Anasema bunduki ni kama dhahabu, haiozi, na huku mpakani haikosi mteja. Mpango wake ni tununue mbili za kuwindia, leseni itoke kwa jina langu kwa sababu sijawahi kuwa na kesi, tuwakodishie wafugaji na wachimbaji, halafu baadaye tuuze. Juzi akaongeza kwamba kuna "kitu cha ng'ambo" kinapatikana kwa bei nafuu kuliko dukani, ila nisiulize sana.*

*Nilipositasita mke wangu akanuna. Anasema nawadharau ndugu zake. Shemeji anakuja Jumamosi kuchukua jibu. Shangazi, bunduki ni uwekezaji au si uwekezaji?*

*Mwenye Fidia, Ngara*

 Nimeisoma barua yako, nikairudia pale uliposema mkeo amenuna. Huko nitafika. Tuanze na hela, maana hela hii haina mwenzake: shamba limekwenda, na fidia hailipwi mara mbili kwa ardhi ileile.

Video za shemeji yako si za uongo. Marekani wapo waliopata faida kubwa kwa bunduki, na sababu inajulikana. Mei 1986 sheria yao ilizuia raia kusajili bunduki mpya za rashasha. Zilizokwisha kusajiliwa zikabaki hizo hizo, wanaozitaka wakaendelea kuwepo, bei ikapanda mwaka hadi mwaka. Kilichowatajirisha watu wale ni sheria iliyofunga mlango wa kuingilia ikaacha wazi wa kuuziana. Bunduki za kawaida hukohuko hazikuwa na bahati hiyo. Watu walizinunua kwa pupa kila walipohofia serikali ingezibana. Baada ya uchaguzi wa 2016 hofu ikapungua, mauzo yakashuka, na Machi 2018 Remington, kampuni iliyoanza kutengeneza bunduki mwaka 1816, ikaenda mahakamani kuomba kulindwa dhidi ya wadai wake. Ikiwa mtengenezaji mwenye miaka 200 sokoni alielemewa, mnunuzi wa mbili tatu ategemee nini?

Lakini wewe huishi Marekani. Uko Ngara, na swali la kwanza kwa mali yoyote unayoiita akiba ni hili: siku mtoto amelazwa na daktari anataka hela, utaiuza kwa nani, na kwa muda gani? Ng'ombe unampeleka mnadani. Dhahabu nayo ina masoko yake rasmi, tangu lile la Geita lilipozinduliwa Machi 2019, na bei inatangazwa hadharani kila mtu aione. Bunduki haina mnada. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, anayetaka kumiliki anaanza maombi kwenye serikali ya kijiji, faili linapita kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, linajadiliwa na kamati ya ulinzi na usalama, na mwombaji anachunguzwa tabia yake. Anatakiwa aeleze silaha ni ya nini. Kulinda mifugo, kulinda biashara, sawa. "Naisubiri ipande bei" si jibu la kumpelekea OCD.

Na ukishaipata, yeyote atakayeitaka kwako lazima apite njia ileile ndefu kabla hujamkabidhi. Huo ndio ugonjwa wa uwekezaji huu hata ukifanywa kihalali kabisa: unanunua kitu ambacho ruhusa ya kukiuza imeshikwa na mtu mwingine. Kati ya leo na siku ya kuuza unalipia leseni, unatafuta sehemu salama yenye kufuli ya kukihifadhia, na unaitika serikali inapoita. Mwaka 2016 wamiliki wote nchini walitakiwa kupeleka silaha zao zihakikiwe, hata Rais Magufuli alihakiki zake. Ukifariki, bunduki haigawanywi kwenye kikao cha ukoo kama shamba la migomba. Inapelekwa polisi, na mrithi anayeitaka aanze maombi yake mwenyewe. Watoto wako watatu watarithi safari za kituoni.

Kuhusu kukodisha, liondoe kabisa akilini. Leseni ni ya mtu, haitembei pamoja na bunduki. Siku mfugaji atakapompiga mtu kwenye ugomvi wa malisho kwa silaha yenye namba iliyosajiliwa kwa jina lako, atakayetafutwa wa kwanza ni wewe. Ndiyo maana shemeji anataka jina lako wewe usiye na kesi. Mwanangu, hapo anakopa usafi wako, na huo hauna fidia.

Amesema pia kwamba mpakani bunduki haikosi mteja. Nenda naye taratibu kwenye hilo, kwa sababu lina historia. Watafiti wa silaha wamezoea kutaja mfano wa Kolowa, kwa Wapokoti wa Baringo, Kenya. Mwaka 1986 AK-47 moja pale ilibadilishwa kwa ng'ombe 15. Kufika 2005 ilikuwa ng'ombe 4. Uganda kulikuwa na vita, Sudan kulikuwa na vita, Somalia ilikuwa imesambaratika, silaha zikamiminika kutoka kila upande, bei ikaanguka. Sasa fikiria mzee wa Kolowa aliyetoa ng'ombe 15 akidhani ameweka akiba. Wale ng'ombe wangezaa. Wangekamuliwa miaka yote hiyo. Yeye akabaki na chuma chenye thamani ya ng'ombe wanne, na pengine kilichomuua mwanawe.

Sisi wa upande huu tunajua silaha zinavyofika. Aprili 1994, ndani ya saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na mapanga waliyonyang'anywa yakawa marundo pale mpakani. Benaco ikageuka mji wa maturubai. Warundi nao walikuwa wakija, wakakaa kambi ya Lukole kwa miaka. Wengi mno kati yao walikuwa akina mama, wazee na watoto wenye njaa, nisieleweke vibaya. Ila palipo na vita ya jirani, bunduki nazo huvuka, na zilizovuka hazikukaa kimya. Ziliingia barabarani, mikononi mwa majambazi.

Nimesafiri njia ile ya Lusahunga hadi Ngara enzi magari yakipangwa msafara, askari wenye silaha wakisindikiza. Gari likisimama Nyakahura kusubiri wenzake, hakuna aliyecheka. Nilimwona mama aliyekaa mbele yangu akimfungua mtoto mgongoni, akakunja noti ndogondogo, akazipanga ndani ya nepi, akamfunga tena. Kisha akatoa elfu mbili, akaziweka kwenye pochi mkononi. Nilipomtazama akaniambia, "Hizi ni zao. Wakikosa kabisa wanapiga." Abiria wote walikuwa na hesabu ya namna hiyo. Kuna waliotoka nyumbani na hesabu hiyo wasirudi. Mteja ambaye shemeji yako anasema hakosekani mpakani ndiye yule aliyekuwa akisubiriwa na mama yule. Faida yako ingetoka mfukoni mwake, na ingeingia humo kutoka kwenye pochi kama ile.

Hicho "kitu cha ng'ambo" ndicho kilichonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine zote. Kumiliki silaha bila leseni kunashtakiwa kama uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 kifungo chake hakipungui miaka 20, kinaweza kufika 30. Una mtoto mdogo? Utatoka ana watoto wake. Wala usijidanganye kuwa huku porini hakuna anayeangalia. Julai 2013 Rais Kikwete akiwa ziarani mkoani Kagera aliwataka wenye silaha haramu wazisalimishe, akatoa wiki mbili; Septemba Operesheni Kimbunga ikaanza Kagera, Kigoma na Geita, na nyumba zilipekuliwa. Maneno "usiulize sana" yana maana moja tu: anajua jibu.

Kwa hiyo Jumamosi jibu ni hapana, kwa zote mbili, ya leseni na ya ng'ambo. Kama ametanguliza hela kwa mtu, msihi aiache ipotee. Kama tayari ameshika silaha, akaisalimishe. Serikali huwa inatoa vipindi vya msamaha, kama ule wa Septemba na Oktoba 2022, na hata nje ya vipindi hivyo anayejipeleka mwenyewe akiwa na mwanasheria au kiongozi wa dini yuko pazuri kuliko anayekutwa nayo uvunguni. Na wewe usikubali mzigo wake wowote ulale kwako hata usiku mmoja, hata ukiwa gunia la mahindi lililoshonwa vizuri. Lifungue mbele yake.

Milioni 14 zako? Shemeji ana haki kwenye jambo moja: zikilala kwenye akaunti ya kawaida zitapungua nguvu. Nenda benki yako uulizie hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu. Kima cha chini ni shilingi milioni moja, riba inaingia mara mbili kwa mwaka, na ukihitaji hela kabla ya muda kuna soko la kuziuzia. Ukiona masharti yake yanakuchanganya, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS inafanya kazi hiyo kwa niaba yako, na Mfuko wa Ukwasi unakuruhusu kutoa fedha ndani ya siku chache. Mimi ningeweka nane huko. Sita zilizobaki ningetafutia ardhi kabla bei haijapaa zaidi, kwa sababu wewe ni mkulima na mkulima asiye na shamba huanza kusikiliza mashemeji. Kahawa na migomba Ngara inakubali, na mazao yake unaweza kuyauza mchana kweupe.

Sasa mkeo. Sidhani amenuna kwa sababu anapenda bunduki. Yawezekana kaka yake amemweleza shida ambayo wewe hujaelezwa. Wachimbaji wadogo hukopa ili wachimbe, duara, yaani shimo la kuchimbia, likikosa mawe deni linabaki palepale, na mwenye kudai huja na haraka. Usisubiri Jumamosi. Kaa naye leo watoto wakishalala, msomee kile kifungo cha miaka 20, kisha umuulize taratibu: kaka anadaiwa? Kama anadaiwa, mnaweza kukubaliana kiasi cha kumsaidia, laki tano, milioni, kile ambacho kisiporudi hakitawavunja, mkampa kwa mikono miwili mkiwa wote wawili. Hapo mkeo ataona kuwa ulichokataa ni biashara, ndugu yake hujamkataa. Na Jumamosi, mwache yeye ndiye amkaribishe kaka yake na kumpa jibu, wewe ukiwa umekaa pembeni yake.