Hesabu Mistari ya Hindi Lako

Ndugu mkulima, kabla ya kuendelea kusoma, chukua hindi moja kavu. Limenye, kisha uhesabu mistari ya punje kulizunguka. Mara nyingi utapata 12, au 14, au 16. Karibu kila mara hesabu hiyo hugawanyika kwa mbili. Hindi la mistari 13 ni shida kulipata. Sababu yake ni kwamba hindi likiwa bado changa sana, kila kichipukizi cha punje hugawanyika kuwa viwili, navyo hukua bega kwa bega.

Jambo la pili lina faida zaidi. Zile nywele za hindi bichi si pambo. Kila unywele umeshikamana na punje yake moja: punje 500, nywele 500. Ua lililo kileleni ni dume. Humwaga unga wa manjano, na upepo huuchukua. Chembe moja ikinata juu ya unywele, huota mzizi mwembamba ndani yake mpaka chini, na kwa muda wa siku moja hivi punje hutungwa. Unywele usipopata unga, mahali pake hubaki pengo.

Msimu mmoja mzee fulani aliingia ofisini kwetu na gunia la mahindi yenye mapengo, kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Alikuwa na hasira nyingi. Alisema mwenye duka amemwuzia mbegu mbovu, naye yuko njiani kwenda kumshitaki. Bwana Shamba akamwuliza, "Mzee, ulipanda lini?" Kumbe alipanda wiki tatu nyuma ya jirani yake, na mvua ilikatika wakati nywele zake zinatoka. Ardhi ikikauka hivyo nywele huchelewa, na unga huweza kumwagika wote kabla hazijatokeza. Jirani alinunua mbegu katika duka lile lile, na mahindi yake yalijaa. Mzee alinyamaza kidogo, akachukua gunia lake, akarudi nyumbani.

Basi, shikeni haya:

1. Panda mvua za kwanza zinapoanza, usingoje.

2. Palilia mapema, magugu yasinywe maji ya mahindi.

3. Ukipanda mahindi machache, yaweke katika mistari kadhaa mifupi iliyo pamoja. Mstari mmoja mrefu hupoteza unga, kwa kuwa upepo huupeleka kando.

4. Wakataze watoto kunyofoa nywele changa za kuchezea. Kila unywele unaong'olewa kabla ya kupata unga ni punje moja iliyopotea. Zikikauka na kuwa za rangi ya kahawia, kazi yake imekwisha. Waacheni wacheze nazo.

Wakati wa kuvuna, tazama mahindi yako vizuri. Nywele za upande wa kikonyo hutoka kwanza, na za nchani hutoka mwisho. Kwa hiyo, hindi lililojaa chini na kuwa tupu nchani mara nyingi laonyesha kwamba shida ilikuja mwishoni. Kabla ya kumlaumu mwenye duka au jirani, liulize hindi lenyewe.